Mchezaji Bora wa Zama Zote Hatafutwi Bila Daftari

Upo ubishi mmoja usiokoma katika nchi hii, nao hauchagui ofisi wala kijiwe, mji wala kijiji. Ni ubishi juu ya nani aliye mchezaji bora wa kandanda kuliko wote waliopata kutokea Tanzania. Husikika katika vyumba vya walimu saa za mapumziko, husikika katika ofisi za halmashauri pindi majalada yanapopungua mezani, na husikika mpaka Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilicho karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma. Huko, kama ilivyo kwa wavuvi wengine wa dagaa, usiku wa mbalamwezi ni usiku wa kupumzika. Dagaa hufuata mwanga wa taa gizani, na mwezi ukishajaa taa ya mvuvi haina nguvu tena. Siku hizo maneno huwa mengi ufukweni, na kandanda haikosi kuwamo.

Wapo watu wenye elimu wanaoudharau ubishi huo. Husema ni porojo, haujazi ghala wala haupunguzi bei ya sukari. Dharau hiyo haina msingi. Watu wanapobishana nani bora, kwa hakika hubishana juu ya maana ya ubora wenyewe: je, ni kipaji, ni mafanikio, au ni utumishi? Je, anayefungua njia na anayefika mwisho wa njia, nani astahili sifa kubwa zaidi? Hayo si maswali ya wavivu. Ni maswali yale yale anayojiuliza mwalimu mkuu anapotoa zawadi mwishoni mwa mwaka, au mkuu wa idara anapopendekeza jina la mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi.

Kasoro ya ubishi huu iko kwingine. Kesi inasikilizwa bila ushahidi wa kutosha, na mipaka ya kesi yenyewe imechorwa vibaya. Matokeo yake hukumu hutolewa kwa sauti kubwa na si kwa hoja, na wanaoumia si wazee waliokwisha kutundika viatu vyao. Wanaoumia ni watoto ambao majina yao hayajaandikwa popote.

HATA WENYE TARAKIMU HUBISHANA

Yafaa kwanza kuangalia wenzetu walio na kila aina ya hesabu. Wamarekani wanao mchezo wao wanaouita futiboli, ingawa mpira wake una umbo la yai na huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Katika mchezo huo kila hatua hupimwa, kila mrusho huhesabiwa, na kila mwaka vitabu vya takwimu hujazwa. Mtu angetegemea kwamba Wamarekani wamekwisha kupata jawabu. Hawajapata.

Wengi wao humtaja Tom Brady, mrushaji aliyetwaa ubingwa mara 7, mara 6 akiwa na timu ya New England na mara 1 akiwa na Tampa Bay, kabla ya kustaafu kabisa mwaka 2023. Wengine humtaja Jim Brown, mkimbiaji aliyecheza misimu 9 tu, kuanzia 1957 hadi 1965, na katika misimu hiyo 9 akaongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira katika misimu 8, kisha akaacha mchezo angali na nguvu zake. Wengine tena humtaja Jerry Rice, mpokeaji aliyevuka mstari wa mwisho na kufunga mara 208, hesabu ambayo hakuna aliyeifikia. Basi mrushaji atalinganishwaje na mpokeaji, wakati mmoja hawezi kufanya kazi bila mwenzake? Na aliyecheza miaka 9 atalinganishwaje na aliyecheza zaidi ya 20?

Funzo la kwanza ni hili: tarakimu hazimalizi ubishi, bali huusafisha. Mmarekani anayemtetea Brown hawezi kumzulia mabao. Hana budi kusema ni kipimo gani anachokitumia na kwa nini. Uongo hupungua, hoja ikabaki.

Funzo la pili ni zito zaidi. Mwaka 2000, timu za Marekani zilipokuwa zikichagua vijana waliomaliza kucheza vyuoni, yaliitwa majina 198 kabla ya jina la Tom Brady kutajwa. Wataalamu waliokuwa na saa za kupimia mbio, mizani, filamu na madaftari walimpita mtu huyo mara 198. Ikiwa wenye vipimo vyote hivyo waliweza kumpita, itakuwaje kwa mtoto wa kijiji kinachofikiwa zaidi kwa boti, ambako hakuna aliyekwenda na saa wala kalamu?

MADAI MATATU

Tanzania hutajwa majina mengi, lakini kwa kuupima ubishi yatosha kuchukua matatu, kwa kuwa kila moja linasimama kwa niaba ya kipimo chake.

La kwanza ni Sunday Manara, mmoja wa ndugu watatu mashuhuri wa ukoo huo pamoja na Kitwana na Kassim. Washabiki wa Yanga walimpachika jina la "Kompyuta" wakati ambapo Watanzania wachache mno walikuwa wameiona kompyuta yenyewe kwa macho. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles, na akawa mtu wa kutajwa kila inapozungumzwa habari ya Mtanzania wa kwanza kuishi kwa kandanda barani Ulaya. Wanaomtetea husema: alifika huko bila wakala, bila simu ya mkononi, bila mtu wa kumfuata nyuma. Aliyekata msitu kwa panga hawezi kupimwa kwa mwendo wa anayepita juu ya lami.

La pili ni Mbwana Samatta. Hapa ushahidi ni mwingi na hauna wasiwasi. Akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015, akafunga katika michezo yote miwili ya fainali dhidi ya USM Alger, na Januari 2016 akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili. Alikwenda Genk ya Ubelgiji na kutwaa ubingwa wa nchi hiyo msimu wa 2018/2019. Tarehe 5 Novemba 2019 aliifunga Liverpool kwa kichwa katika uwanja wao wa Anfield, wakati Liverpool ndiyo iliyokuwa bingwa wa Ulaya. Mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa, na tarehe 1 Machi mwaka huo alifunga katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, ingawa Manchester City waliondoka na kombe kwa mabao 2 kwa 1.

La tatu ni Juma Kaseja, mlinda mlango, mzaliwa wa Kigoma. Mwaka 2003, akiwa hajatimiza miaka 19, alisimama langoni Cairo wakati Simba ilipoivua ubingwa Zamalek. Simba ilikuwa imeshinda bao 1 kwa 0 Dar es Salaam, ikafungwa bao 1 kwa 0 huko Misri, na mambo yakaamuliwa kwa mikwaju ya penalti, ambapo Simba ilishinda 3 kwa 2. Miaka 16 baadaye, tarehe 8 Septemba 2019, watu walipokuwa wakimhesabu kuwa mzee, alikuwa tena langoni kwa timu ya Taifa katika mchezo wa kuwania Kombe la Dunia. Tanzania na Burundi zilikuwa zimetoka sare ya 1 kwa 1 Bujumbura na sare ya 1 kwa 1 Dar es Salaam. Zilipofika penalti, Burundi haikupata hata moja, Tanzania ikashinda 3 kwa 0. Kwa mtu wa Kagunga mchezo huo haukuwa wa mbali. Kutoka kijijini hapo milima ya Burundi huonekana, Kiha na Kirundi husikilizana, na ndoa zimevuka mpaka tangu zamani. Mtoto wa Kigoma ndiye aliyesimama langoni, na ndugu na majirani ndio waliokuwa wakipiga.

Yanaweza kuongezwa mengine. Lipo la Peter Tino, ambaye bao lake la Ndola mwaka 1979 liliiwezesha Tanzania kutoka sare ya 1 kwa 1 na Zambia na kwenda Lagos katika fainali za Afrika za 1980. Fainali ambazo Tanzania haikuziona tena mpaka 2019, baada ya miaka 39. Je, bao moja lililobeba nchi kwa miaka 39 lina uzito gani mbele ya mabao mia moja ya ligi? Lipo la Leodegar Tenga, aliyekuwamo katika kikosi hicho cha Lagos na baadaye akaongoza shirikisho la kandanda la nchi. Lakini hayo matatu yanatosha kuonyesha kwamba watu hawabishani juu ya jambo moja. Anayemtaja Manara anazungumzia ufunguzi wa njia. Anayemtaja Samatta anazungumzia mwisho wa safari. Anayemtaja Kaseja anazungumzia udumifu na utumishi katika nafasi ambayo kosa moja hukumbukwa kuliko mema kumi.

Iwapo lazima litolewe jina moja, ushahidi uliopo unamwelekea Samatta. Amepimwa mbele ya wapinzani wakubwa kuliko mwingine yeyote, katika mashindano ambayo kila bao limeandikwa, na hakuna Mtanzania aliyepata kufanya aliyoyafanya yeye. Anayekataa hukumu hiyo anao wajibu wa kuleta kumbukumbu zake, si kupandisha sauti. Lakini mwenye kuitoa hukumu hiyo naye anao wajibu wa kukiri mpaka wake. Samatta ndiye bora kuliko wote walioandikwa. Wale wa zamani, ambao michezo yao haikurekodiwa isipokuwa kwa sauti ya mtangazaji iliyopotea hewani, hawajashindwa kesi. Hawakupata kuitwa mahakamani.

Na sauti ya mtangazaji si kitu kidogo. Nchini Kenya jina la Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, liliishi katika vinywa vya watu hata wa vizazi ambavyo havikumwona akicheza, kwa sababu ya maneno mafupi ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela: "Kadenge na mpira". Sauti moja ya redio ilimhifadhi mtu kwa zaidi ya nusu karne. Ni wangapi waliocheza vizuri kama yeye katika viwanja visivyofikiwa na redio?

ZIWA SI UKUTA

Kasoro ya pili ya ubishi huu ni mipaka yake. Mara nyingi watu huzungumza kana kwamba njia ya mchezaji huanzia mkoani, ikaenda Dar es Salaam, halafu Ulaya. Ukiyatazama mambo kutoka Kagunga, picha ni nyingine. Samatta hakutoka Dar es Salaam kwenda Ulaya moja kwa moja. Alipita Lubumbashi, katika Kongo, nchi iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huko ndiko alikokaa takribani miaka mitano akikomaa, na huko ndiko alikotwalia ubingwa wa Afrika. Mtu aliyezoea kulidhani ziwa kuwa mwisho wa nchi angefaa akumbuke kwamba mchezaji aliyefika mbali kuliko wote alipata ngazi yake kwa jirani.

Lipo na jambo jingine ambalo ubishi wa mijini hulisahau. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, mwanzoni kabisa mwa ziwa lile lile, mwaka 1977. Katika ujana wake alivaa jezi ya Yanga hapa nchini. Kisha akapita Afrika Kusini, akaenda Zürich ya Uswisi, akaenda Rennes, akafika Monaco. Msimu wa 2002/2003 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa kwa mabao 26, na mwaka 2004 aliingia uwanjani katika fainali ya ubingwa wa klabu za Ulaya, Monaco ilipofungwa na Porto. Timu yake ya taifa ilikuwa Kongo. Kwa haki hawezi kuitwa mchezaji bora wa Tanzania, na hakuna sababu ya kumpokonya jirani kilicho chake. Hata hivyo, kama swali lingekuwa ni nani mchezaji bora aliyetokea mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni nani angethubutu kumwacha nje?

Swali hilo la pili, la ziwa, lina maana kuliko linavyoonekana. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu kutoka Burundi walikimbilia Kagunga. Kijiji kikazidiwa, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikafanya safari baada ya safari kuwachukua watu kuwapeleka Kigoma, wakaendelea hadi kambi ya Nyarugusu. Miongoni mwa watu hao walikuwamo watoto wengi mno. Walihesabiwa ili wapewe chakula, dawa na blanketi, na hilo ndilo lililokuwa sahihi kutangulia. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza ni nani kati yao anayejua kupiga mpira.

Ulimwengu umekwisha kutoa jibu kwa anayedhani swali hilo ni la mzaha. Alphonso Davies alizaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Ghana, wazazi wake wakiwa wa Liberia, naye akatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2020 akiwa na Bayern Munich. Eduardo Camavinga alizaliwa kambini Angola kwa wazazi wa Kikongo, akaichezea Real Madrid na timu ya taifa ya Ufaransa. Na wa tatu ni wa hapa hapa. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma tarehe 9 Februari 2006, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Burundi. Akiwa mtoto mchanga familia yake ilihamia Australia. Alikulia kandanda katika mji wa Adelaide, akaanza kuichezea timu ya taifa ya Australia mwaka 2024, mwaka huo huo akachukuliwa na Bayern Munich, na mwaka 2025 akajiunga na Watford ya Uingereza.

Hapa inapasa kusema ukweli bila majigambo. Kigoma haikumfundisha Irankunda chochote. Aliondoka hajaanza hata kutambaa. Kudai kwamba ni matunda ya mkoa ni kujivisha nguo ya kuazima. Anachothibitisha ni kitu kimoja tu, nacho kinatosha: kwamba kipaji cha kiwango hicho huzaliwa Kigoma kama kinavyozaliwa kwingineko. Tofauti baina yake na watoto waliobaki haikuwa katika damu wala katika maji ya ziwa. Yeye alikulia mahali penye uwanja, penye klabu ya vijana, na penye mtu wa kuandika jina lake alipocheza vizuri.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza. Katika kandanda methali hiyo imewapumbaza wengi. Chema hujiuza kikiwa sokoni. Kilicho mbali na soko hakijiuzi, hata kiwe chema namna gani. Methali inayofaa zaidi hapa ni ile wanayoijua vizuri wahasibu wa serikali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Si kweli kwamba Mkoa wa Kigoma hauna soka la kuonekana. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2021, kati ya Simba na Yanga, ilichezwa katika uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, na Simba ikashinda kwa bao 1 la Taddeo Lwanga. Mashujaa ya Kigoma iliingia Ligi Kuu msimu wa 2023/2024. Lakini baina ya uwanja huo na kijana wa Kagunga yapo maji, nauli ya boti, na Hifadhi ya Gombe iliyokalia sehemu ya mwambao. Kijana huyo hawezi kuonekana mpaka kwanza aandikwe, na wa kumwandika si wakala kutoka Ulaya. Ni mwalimu wa michezo wa shule yake, na baada ya mwalimu ni afisa michezo wa wilaya.

Kazi yenyewe si kubwa. Shule zetu huandika mahudhurio kila siku, huandika alama za mitihani, huandika mali ya shule hadi ndoo na mafagio. Kuongeza daftari moja la michezo si kuongeza mzigo mpya, ni kupanua tabia iliyokwisha kuwapo. Yaandikwe jina la mchezaji, mwaka aliozaliwa, nafasi anayocheza, michezo aliyocheza, mabao aliyofunga au aliyozuia, na jina la mwalimu aliyeshuhudia. Msitari mmoja kwa kila mchezo. Mtoto akihama shule, taarifa zake zihame naye, kama inavyohama taarifa ya masomo. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanapokaribia, afisa wa wilaya awe na majina mkononi kutoka kila kata, badala ya kuwategemea watoto wa shule zilizo karibu na makao makuu kwa sababu tu ndio wanaoonekana dirishani.

Yako mapingamizi, nayo yasipuuzwe. Watasema wengine kwamba mwalimu ana mzigo mkubwa, darasa moja lina watoto kupita kiasi, na hakuna aliyemwongezea mshahara kwa ajili ya kandanda. Ni kweli. Ndiyo maana daftari hilo liwe fupi, na ndiyo maana wakuu wa shule walihesabu kuwa ni kazi, si hisani ya mwalimu apendaye mpira. Watasema wengine kwamba daftari halitengenezi kipaji. Hilo nalo ni kweli. Hati ya shamba pia haioteshi mahindi, lakini asiye nayo hupokonywa shamba likiwa limekwisha kulimwa. Na watasema wengine kwamba fedha ni chache, dawati na dawa vitangulie. Vitangulie. Bei ya daftari moja haijapata kumnyima mtoto dawati. Kinachohitaji fedha kidogo ni nauli ya watoto wa kata za ziwani wanapochaguliwa kwenda wilayani, na hiyo haina budi kuingizwa katika makadirio mapema, maana timu ya wilaya inayochaguliwa miongoni mwa waliomudu nauli si timu ya wilaya.

Kwa wazee nako kuna kazi. Wachezaji wa miaka ya 1960 na 1970 wanazidi kupungua, na kila anayekwenda huondoka na kumbukumbu za viwanja, vikosi na matokeo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Mwalimu wa historia anayewatuma wanafunzi wake kumhoji mzee aliyechezea timu ya mkoa hafundishi mchezo tu. Anafundisha namna historia inavyokusanywa, kupimwa na kuhakikiwa. Mzee mmoja akisema alifunga mabao matatu na mwingine akisema lilikuwa moja, wanafunzi hao wamepata somo ambalo haliwezi kupatikana ubaoni.

Baada ya hapo ubishi uendelee, tena kwa nguvu. Hakuna mwenye haki ya kuwanyima watu raha ya kumlinganisha Manara na Samatta, wala ya kuuliza kama mlinda mlango anaweza kuwa bora kuliko mfungaji. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa kwa kwanza ni kutajwa kwa haki. Lakini haki hiyo ina pande mbili. Waliokwisha kucheza wanadai wakumbukwe kwa ukweli. Wanaocheza leo katika viwanja vya mchanga vya mwambao, ambao hakuna anayejua majina yao nje ya kijiji, wanadai kidogo zaidi ya hapo: waandikwe. Mwalimu atakayeanza daftari hilo muhula ujao hatamjua mchezaji bora wa zama zote. Atakuwa amehakikisha tu kwamba, akitokea katika shule yake, hatapita bila habari.